Shakespeare bila sauti inawezekana kabisa
Umeuliza Shakespeare aliingiaje kwenye filamu bubu wakati utamu wake wote ni maneno. Ndugu yangu, anza na King John ya 1899, ilipigwa London, Herbert Beerbohm Tree ndo mfalme, kipande kilichobaki ni kifupi mno, mfalme kalishwa sumu yuko kitini anajipinda kwa maumivu, yaani husikii neno ila unaumia naye. Baadae zikaja kadi za maandishi katikati ya picha, zikasaidia. Lakini mi naipenda zaidi Hamlet ya Ujerumani ya 1921, humo Hamlet kazaliwa msichana, ikafichwa, akalelewa kama mtoto wa kiume wa mfalme, na anaemcheza ni mwanamke kweli, Asta Nielsen, yale macho yake tu yanaongea, itafute uione.