Mafunzo Endelevu kwa Wanapatholojia Yaanzie kwenye Sampuli Zinazotufikia

Wanapatholojia wenzangu, yaani madaktari tunaotambua magonjwa kwa kuchunguza tishu, hasa waliomaliza masomo ya ubingwa hivi karibuni, huniuliza mara kwa mara wahudhurie kozi gani ili waende sambamba na uchunguzi wa kisasa wa saratani. Jibu langu ni kwamba kabla ya kutafuta kozi, ufungue rejista ya maabara yako, utazame ni saratani zipi zinazokufikia kwa wingi, kisha upange masomo yako kwa kuzifuata hizo. Katika hospitali ya rufaa ninakofanya kazi hapa Tanzania, meza zetu hujaa sampuli za mlango wa kizazi, matiti, tezi dume, umio na limfoma (saratani za seli za limfu) za watoto na watu wazima. Kozi inayofundisha uvimbe adimu ambao huenda usiuone kamwe hupendeza kuisikiliza, lakini mgonjwa aliyetoka kijijini na kusubiri majibu yake kwa wiki kadhaa haimsaidii.

Nasema hivyo kwa sababu mabadiliko makubwa ya taaluma yetu yamegusa hizo hizo saratani za kila siku. Zamani ripoti ya saratani ya titi ilionekana kukamilika ikitaja aina ya saratani, daraja lake na kama imefika kwenye tezi za kwapani. Leo daktari bingwa wa saratani hawezi kupanga tiba bila kujua kama seli zina vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na kama zinatengeneza protini ya HER2 kupita kiasi. Majibu hayo hutoka maabara kwetu, kwa imunohistokemia, yaani kutia tishu rangi kwa kingamwili zinazonasa protini fulani, na yakipotoka, tiba yote hupotoka pamoja nayo.

Kwa hiyo somo ambalo ningemshauri kila mwenzangu alirudie kwanza, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi, ni uhifadhi wa sampuli. Wengi hulipita haraka wakidhani ni la wateknolojia wa maabara peke yao, ilhali ndilo linaloamua kama vipimo vyote vya kisasa vitakuwa na maana. Miongozo ya kimataifa inataka sampuli ya titi iingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhi tishu, ndani ya saa 1 tangu itolewe mwilini, na ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Fomalini yenyewe iwe ya asilimia 10 iliyotiwa bafa, na ujazo wake uwe walau mara 10 ya ule wa sampuli. Titi zima lililotumbukizwa kwenye ndoo bila kukatwa huoza katikati, kwa kuwa fomalini hupenya kwa takriban milimita 1 tu kwa saa, na kwenye mafuta hupenya taratibu zaidi. Sampuli ya namna hiyo ikipimwa vipokezi vya estrojeni inaweza kutoa jibu hasi lisilo la kweli, na mwanamke ambaye angefaidika na vidonge vya tamoksifeni, dawa ya bei nafuu iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, akanyimwa vidonge hivyo kwa sababu ya chupa ndogo na fomalini haba.

Somo hili mwanapatholojia hawezi kulisoma peke yake ofisini. Kwetu lilianza kuleta tofauti tulipokaa pamoja na wauguzi wa chumba cha upasuaji, madaktari wa hospitali za wilaya wanaotutumia sampuli na wateknolojia wetu wenyewe, tukawaonyesha kwenye darubini slaidi ya tishu iliyohifadhiwa vizuri kando ya ile iliyooza. Daktari aliyeona kwa macho yake tofauti ya rangi na umbo la seli hahitaji kubembelezwa ili aandike kwenye fomu saa aliyoitoa sampuli na saa aliyoitia kwenye fomalini. Ningependa kila maabara idai saa hizo mbili kwenye fomu ya maombi, na mwanapatholojia azisome kabla ya kutia sahihi jibu lolote la vipokezi. Jibu likiwa hasi na muda wa uhifadhi ukiwa haujulikani, ripoti iseme hivyo wazi na ipendekeze kipimo kirudiwe kwenye kinyama (kipande kidogo cha tishu) kingine.

Baada ya hapo ndipo ujifunze kusoma rangi zenyewe, na hili linahitaji mazoezi ya mara kwa mara kwa sababu vigezo hubadilika. Kwa mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2020, seli zenye vipokezi vya estrojeni zikiwa chini ya asilimia 1 jibu ni hasi, na zikiwa kati ya asilimia 1 na 10 ripoti inatakiwa ieleze kuwa kiwango ni cha chini, kwa kuwa ushahidi wa faida ya tiba ya homoni kwa kundi hilo ni mdogo. HER2 nayo ilikuwa ikitazamwa kama swali la ndiyo au hapana. Kwenye kipimo cha alama za nguvu ya rangi, kuanzia 0 hadi 3+, alama 3+ ilikuwa chanya, 2+ ilihitaji kipimo cha jeni cha kuthibitisha, na 0 na 1+ zote zilihesabiwa hasi bila kujali tofauti yake. Tangu mwaka 2022, matokeo ya dawa ya trastuzumab deruxtecan kwa wagonjwa wenye HER2 ya kiwango cha chini yaliipa tofauti ya 0 na 1+ uzito ambao haikuwa nao. Dawa hiyo ni ghali na wagonjwa wetu wengi hawaifikii, lakini ripoti inayoandikwa leo itatumika miaka ijayo, na haifai kumfungia mgonjwa mlango kwa sababu hatukuona haja ya kutazama vizuri.

Njia bora niliyoipata ya kunoa jicho kwa vipimo hivi ni mipango ya nje ya kupima ubora, kama UK NEQAS na NordiQC, ambako maabara hupokea slaidi zile zile zinazopelekwa maabara za nchi nyingine, huzitia rangi kwa njia yake na kurudishiwa tathmini. Ada yake si ndogo, nami nakiri kuwa kuishawishi menejimenti ya hospitali ni kazi. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kati ya fedha ya kumpeleka mtu mmoja kwenye kongamano la ng'ambo na fedha ya mwaka mzima ya mpango wa ubora, nachagua mpango wa ubora bila kusita, kwa kuwa unamfundisha kila mtu maabarani, kuanzia anayekata bloku (tishu iliyogandishwa ndani ya nta) mpaka anayetia sahihi.

Kwa limfoma, ujuzi unaohitajika zaidi katika mazingira yetu ni kuchagua kingamwili chache zenye maana, kwa sababu hatuna uwezo wa kuagiza thelathini kwa mgonjwa mmoja kama wafanyavyo wenzetu wa ng'ambo. Limfoma ya Burkitt ilielezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, na ni katika sampuli zilizosafirishwa kutoka huko hadi London ndimo virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa mwaka 1964. Ni ugonjwa wa nyumbani kwetu, nasi tunapaswa kuwa mabingwa wake. Sura ya anga lenye nyota, yaani seli nyeupe zilizotawanyika kati ya seli nyeusi za saratani, kwenye slaidi ya kawaida inaelekeza, lakini haitoshi. Protini za CD20 na CD10 zikiwa chanya, BCL2 hasi, TdT hasi, na Ki-67 ikikaribia asilimia 100, mtoto anaweza kuanzishiwa tiba kwa uhakika mkubwa hata pale ambapo kipimo cha jeni ya MYC hakipatikani. Jizoeze kuandika kwanza utambuzi unaoudhani kutokana na slaidi ya hematoksilini na eosini, rangi za kawaida za maabara, kisha uagize kingamwili zinazoweza kuukanusha. Mazoea hayo yamenifundisha zaidi ya mihadhara mingi.

Hapa ndipo mikutano ya patholojia kwa njia ya intaneti inapofaa kweli. Hospitali ya Butaro nchini Rwanda na maabara ya Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, Malawi, zimeonyesha kuwa kujadili kesi na wenzao wa Marekani kwa picha za darubini kunawezekana, na kwamba wataalamu wa hapa hapa hukua nayo. Ushauri wangu ni kwamba usiingie kwenye mikutano hiyo kama msikilizaji. Peleka kesi yako, andika utambuzi wako kabla ya kikao na sababu zake, halafu ulinganishe na yatakayosemwa. Kamera nzuri iliyofungwa kwenye darubini inatosha kuanzia, kwa hiyo usisubiri mashine ya kuchanganua slaidi nzima.

Kuhusu vitabu, toleo la 5 la uainishaji wa uvimbe la Shirika la Afya Duniani, lililoanza kuchapishwa mwaka 2019, halikwepeki. Uvimbe wa ubongo sasa hupewa jina kwa kuzingatia jeni kama IDH, na saratani za mlango wa kizazi hugawanywa kwa kutazama kama zinatokana na virusi vya HPV. Asiyemudu ada yake aanze na fomu za ripoti za shirika la ushirikiano wa kimataifa wa kuripoti saratani, ICCR, ambazo hupatikana bure. Mimi hutumia fomu hizo kufundishia wanafunzi wa ubingwa, kwani kila kisanduku ambacho mwanafunzi hajui kukijaza kinamwonyesha la kusoma usiku huo.

Vipimo vya jeni vyenyewe wengi wetu tutaendelea kuvituma nje kwa muda, na hivyo tunachopaswa kujifunza sasa ni kulinda tishu. Usiimalize bloku kwa kuagiza kingamwili moja moja siku tofauti, bali kata slaidi za ziada mara moja, hasa kwa kinyama kidogo cha pafu. Mfupa ulainishwe kwa kemikali ya EDTA pale muda unaporuhusu, kwa kuwa asidi kali huharibu DNA.

Pointi za mafunzo zinazodaiwa na mabaraza yetu ya madaktari zitakuja zenyewe kwa mtu anayefanya haya, kwa hiyo sizizungumzii sana. Kinachokosekana ni muda. Pale kwetu tuliiweka saa ya kujadili slaidi ngumu kwenye ratiba ya zamu, siku ile ile ya kikao cha pamoja na madaktari wa saratani na wapasuaji, na mkuu wa idara akakubali kwamba saa hiyo hakuna anayepangiwa kukata sampuli. Mwombe mkuu wako wa idara saa hiyo kwa maandishi, na barua iandikwe wiki hii.