Mota sita kwenye dima moja: nilivyoharibu, na ninavyounga sasa

Mkuu, umeuliza kama mota zako 6 za mashine ya kunyonya vumbi unaweza kuziunga sambamba kwenye dima moja kubwa (kifaa cha kupunguza umeme, na hivyo kasi ya mota), ili uzungushe nobu moja tu na benchi zima la kupimia hewa ya silinda hedi lifuate. Kuunga unaweza. Mimi niliunga 4 hivyo hivyo, kwenye kibao kidogo cha dima kilichoandikwa 4000 W, na kilinidumu jioni mbili.

Jioni ya tatu hedi iko juu ya benchi, valvu nimeifungua kidogo tu, nakaribia inchi 28 za maji, kiwango cha mvuto ninachopimia hedi. Triaki, yaani swichi ya elektroniki iliyo ndani ya dima, ikafa. Sasa triaki ikifa mara nyingi haikati umeme, inashoti. Mota zote nne zikapaa mpaka mwisho kwa mpigo mmoja. Nikarudisha nobu kwenye sifuri, wapi! Maji mekundu ya manomita (mrija wa maji unaoonyesha mvuto) yakapanda mrija mzima na kumwagikia ndani ya sanduku, mimi nikiwa bado natafuta plagi nyuma ya meza. Tangu siku hiyo benchi langu lina kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa umeme) na kitufe chekundu cha kuzimia, kikubwa, mahali mkono unapofika bila macho kutafuta. Anza na hicho kabla hujanunua kingine chochote.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mota ya wati 1200 kwenye volti 230 inakula ampea 5 na kidogo, kwa hiyo sita ni ampea 31 hivi. Triaki inayopitisha umeme hubaki na volti moja na ushee juu yake, na volti hiyo ikizidishwa kwa ampea ndilo joto. Kwa mota moja ni wati 6 hivi, bamba la kawaida la alumini linazimudu. Kwa sita ni karibu wati 40, yaani chuma kizima cha kulehemea kimewekwa ndani ya kitu kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Hapo bado hujahesabu ule mkupuo wa kuwashia, ambao ni mara kadhaa ya ampea za kawaida. Halafu kuna jambo linalowadanganya wengi: mota hizi hula umeme mwingi zaidi hewa inapopita bila kizuizi. Ukiziba tundu inapiga kelele kama inateseka, kumbe inazunguka kasi zaidi na ampea zimeshuka. Ukijaribu dima lako tundu likiwa limezibwa utasema liko salama, ufunge hedi yenye njia kubwa, liungue.

Lakini joto si tatizo kubwa. Utanunua triaki ya ampea 40 na feni juu yake, mjadala uishe. Tatizo ni kwamba mota zinazonyonya sanduku moja zinashindana. Nguvu ya kuvuta ya mota hizi hufuata mraba wa kasi yake: ikienda asilimia 70 ya kasi, uwezo wake wa kuvuta tundu likiwa limezibwa unabaki kama nusu, na ikienda 50 unabaki robo. Tuseme mota yako kwa kasi kamili inavuta inchi 80 ikizibwa, na sanduku lako liko inchi 40, kwa sababu juu ya zile 28 za hedi kuna zinazopotea kwenye sahani ya kipimo, ile yenye tundu la kupimia kiasi cha hewa. Mota iliyopunguzwa chini ya asilimia 70 hapo haivuti kitu. Hewa inarudi kinyume kupitia humo humo, na wenzake wanahangaika kuinyonya tena. Ndiyo maana ushauri wa kuweka dima sita na nobu sita naukataa kabisa. Utazungusha kama fundi wa redio usiku kucha na manomita haitulii.

Kwa hiyo kwangu mota tano ni za kuwasha na kuzima tu. Ya sita peke yake ndiyo yenye dima. Kila moja ina kiulimi cha mpira mdomoni kinachojifunga chenyewe mota ikizimwa au ikizidiwa nguvu. Bila viulimi hivyo usihangaike na waya kwanza. Valvu ya hedi ikiwa imeinuka kidogo natumia mota mbili, naongeza kadiri ninavyoinua, na ya dima inajaza pengo lililobaki. Kwenye sanduku kuna tundu lenye koki linaloingiza hewa ya nje, la kumalizia ile robo inchi ya mwisho. Koki hiyo inajibu haraka kuliko dima lolote, na umeme wa nyumba ukiyumba ndiyo inayokuokoa.

Kuhusu waya: kutoka swichi kuu ya kukata laivu na nyutro pamoja nimeshusha milimita 6 za mraba mpaka kwenye kontakta, kisha kila mota ina breka yake ya ampea 10 na waya wa 1.5. Swichi za mota moja moja zinakata laivu, kamwe si nyutro. Washa moja, subiri ishike kasi, ndipo ya pili. Soketi moja ya ukutani haibebi ampea 31, kwa hiyo ama laini maalumu, ama gawa benchi kwenye saketi mbili, kila moja na kontakta yake, na kitufe chekundu kizime zote mbili. Fremu za chuma za mota zote ziende ethi hata kama sanduku ni la mbao.

Ukiamua kujitengenezea dima, opto (chipu inayoiamuru triaki kwa mwanga) iwe MOC3021 au ndugu zake. MOC3041 inasubiri umeme upite sifuri ndipo iwashe, kwa hiyo ni nzuri kwa kuwasha na kuzima tu, kasi haitapungua hata ukeshe. Triaki za BTA mgongo wake umetengwa na umeme. BTB haukutengwa, ukiifunga kwenye alumini bila kikinga, bamba zima lina volti 230, na mkono wako utalijua hilo kabla ya kipimo. Weka rezista ya omu 100 na kapasita ya 0.1 mikrofaradi, zikifuatana, sambamba na triaki, maana koili za mota huifanya ijiwashe ovyo.

Kuna aliyeshauri VFD, yaani kifaa kinachoongoza kasi ya mota kwa kubadili masafa ya umeme. Hiyo ni ya mota za induksheni. Mota zetu zina brashi za kaboni na komyuteta, haziongozwi kwa kubadili masafa.

Kama unatumia sensa badala ya maji, waya zake zipite upande mwingine wa sanduku mbali na za mota, ziwe na ngao iliyoungwa ethi upande mmoja. Dima la triaki linakata wimbi katikati na kelele yake ya umeme inaonekana kwenye namba za sensa. Pia inchi 28 ni takriban kilopaskali 6.97, kwa hiyo sensa ya kilopaskali 7 inaishia pale pale kazi inapoanzia. Chukua ya 10.

Na tafadhali, hedi au kabureta yenye mabaki ya petroli isikaribie benchi. Kaboni zinatoa cheche, na kwenye mota inayopozwa na hewa inayonyonywa, hewa hiyo inapita humo humo.

Sasa nijibu jambo moja kabla hujaunga: mota zako zinapozwa na hewa ile ile inayonyonywa, au zina feni yake ya pembeni? Ile ya dima ikishuka chini ya asilimia 70 kiulimi kinafunga, na kama inategemea hewa ya sandukuni kujipoza, itazunguka ikijipika yenyewe. Ya dima lazima iwe yenye feni ya pembeni, hata kama ni moja tu kati ya sita.