Kucha nyeusi kwa mtoto anayetibiwa saratani

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 anatibiwa limfoma ya Burkitt iliyoanzia tayani. Baada ya mizunguko kadhaa ya dawa, kucha zake zimepata mistari myeusi na viganja vimekuwa vyeusi na vikavu. Je, dawa zinamdhuru? Mama, Mwanza.

JIBU: Pole sana, mama. Weusi huo mara nyingi huletwa na siklofosfamidi, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huu, na ingawa unatisha machoni hauna madhara: kadiri kucha inavyokua, mstari husogea hadi ukakatwa, na ngozi nayo hurejea polepole baada ya matibabu kwisha. Kuhusu ukavu, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu bila kumsugua kwa dodoki, kisha mpake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu.

Ninalolihofia zaidi ni vinkristini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ambayo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Hivyo mtoto akisema mkono unawaka dawa ikiingia, mwite muuguzi papo hapo, wala usione haya kumsumbua. Vilevile, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hata ngozi ikiwa haina kidonda, mpeleke hospitali bila kungoja kukuche.