P2 si kinga, mwanangu

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 19, niliishia kidato cha pili, sasa nasuka saluni hapa Morogoro. Mpenzi wangu ni bodaboda, ananipeleka kazini na kunirudisha bure. Kondomu hataki, eti pipi hailiwi na ganda. Kwa hiyo nameza P2, mwezi uliopita mara nne. Hedhi imevurugika, na nikikojoa nasikia moto. Shoga yangu kanipa vidonge vya rangi mbili. Naogopa mimba, mama atanifukuza. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno Ukimwi, sijaliona. Mimba imekutisha hadi umesahau mengine. Sikulaumu. Tangu uache shule hakuna mtu mzima aliyekaa na wewe chini, na pale saluni mnafundishana wenyewe kwa wenyewe.

P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Inachelewesha yai kutoka, basi. Virusi, kisonono, kaswende, vyote vinapita. Ukiimeza mara kwa mara hedhi huvurugika, na bado mimba inaweza kuingia, kwa hiyo pima na mimba pia.

Hizo rangi mbili weka chini. Moto huo unaweza kuwa kisonono, pangusa (klamidia) au maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa zake hazifanani. Ukibahatisha, maumivu yanapoa huku ugonjwa ukipanda taratibu hadi mirija ya uzazi. Najua wanawake wa rika langu wanaolilia mtoto hadi leo kwa kitu kilichoanza hivihivi. Na ikithibitika ni ugonjwa wa ngono, naye atibiwe, la sivyo atakurudishia.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua saluni, nenda kituo cha afya uulizie huduma rafiki kwa vijana. Sema hivi: "Nakojoa kwa maumivu, nataka kupima VVU na magonjwa ya ngono, na nataka uzazi wa mpango." Mama yako hataitwa. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, hata mwenye miaka 15 anapima VVU kwa ridhaa yake. Kama hazijapita saa 72 tangu mlale pamoja, sema: zipo dawa za siku 28 za kuzuia VVU visishike. Baada ya miezi mitatu rudi upime tena. Sindano au kijiti vitakuondolea hofu ya mimba, lakini kondomu iko palepale.

Sasa huyo kijana. Msemo wa pipi na ganda niliusikia nikiwa na umri wako, na baadhi ya waliokuwa wakiusema tumeshawazika. Ongea naye mchana, kabla hamjaingia chumbani: "Twende tukapime wote, na mpaka majibu yatoke tunatumia kondomu."

Najua kinachokufunga mdomo. Anayekubeba bure kila asubuhi ni vigumu kumkatalia usiku. Basi katika kila kichwa unachosuka toa buku, weka pembeni. Siku akikataa kupima, uwe na nauli yako ya kurudi nyumbani.