Kabla ya Kugusa Kronografu, Tazama Saa Iliyo Chini Yake

Ewe unayeanza ufundi wa saa, nikuanzie na ile iliyonifunza. Mzee mmoja wa Langoni, hapa Lamu, baharia aliyestaafu, aliniletea kronografu, yaani saa yenye kipima muda cha kuwasha na kuzima kwa vitufe, yenye mashine ya Valjoux 7733, ya kutia ufunguo kwa mkono. Akasema, "Nikibonyeza kitufe cha juu, sekunde zaenda kidogo, kisha saa nzima yasimama." Nikafungua. Nikatazama gurudumu la klachi, lile linalounganisha kronografu na saa, linavyouma meno ya gurudumu la katikati, nikaamua kuwa linauma mno. Nikazungusha skrubu ya kurekebishia, ile ambayo kichwa chake hakikukaa katikati. Saa ikaacha kusimama, nikafurahi. Siku ya pili mzee akarudi: sasa akrabu ya sekunde yaruka kila akibonyeza, na mara nyingine haiondoki. Nilikuwa nimeharibu kipimo cha kiwandani, na ugonjwa wenyewe sikuwa nimeugusa.

Ugonjwa ulikuwa kamani, ile springi inayoipa saa nguvu, iliyochoka na mafuta yaliyoganda. Nilipoiweka saa kwenye mashine ya kupimia mapigo, ufunguo umejaa na uso umetazama juu, balansi, lile gurudumu linalobembea kuongoza mwendo wa saa, ilibembea digrii 205 tu. Nikawasha kronografu, ikashuka hadi 165. Saa ya aina ile ikiwa na afya hubembea kama digrii 270 hadi 300, na kronografu ikiwaka huipunguzia 20, labda 40. Nikasafisha yote, nikatia kamani mpya, nikairudisha ile skrubu kidogo kidogo kwa siku mbili nzima. Ikafika 280, na kronografu ikiwaka 255. Haikusimama tena.

Kronografu ni mzigo juu ya saa. Punda aliyebeba mawe akianguka kichochoroni, mtu mwenye akili humtazama miguu kabla ya kuyalaumu mawe. Kwa hiyo pima mara mbili, kronografu imezimwa na kronografu inakwenda, uandike nambari zote mbili kabla hujashika bisibisi. Bembea ikiwa ndogo hata kronografu ikiwa imezimwa, huna kazi na kronografu bado. Ikiwa nzuri, kisha ikaanguka ghafla unapobonyeza, hapo ndipo utafute huko juu: uchafu kwenye meno, ncha ya mhimili iliyopinda, klachi iliyouma mno. Na skrubu za kurekebishia zipige picha kwanza, zote, kwa karibu. Mimi siku hizi hata nikiwa na hakika huweka alama.

Jua pia ni mashine gani iko mkononi. Kwenye 7733 klachi husogea kwa ubavu, gurudumu likiingia kwenye meno ya jenzake. Seiko 6139, ya mwaka 1969, klachi yake ni ya wima: hubana kutoka juu kama sahani mbili, kwa hiyo akrabu huondoka bila kuruka, wala saa haichoki sana. Lakini klachi hiyo hailowekwi ovyo kwenye benzini, kwani mafuta ya ndani huondoka na kuyarudisha ni kazi kubwa. Nyingi za aina hiyo ninazoziona zilikuja na watu waliofanya kazi Ghuba, na nyingi zimeharibiwa hapo hapo na fundi aliyedhani kila kitu ni cha kuoshwa.

Mafuta yana adabu yake. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta, hata kidogo, hata kama yanaonekana makavu. Ncha zinazokwenda kasi hutiwa mafuta mepesi kama Moebius 9010, zile za polepole na zenye uzito hutiwa mazito, na pale chuma kinapokwaruza chuma, kama kwenye kemu au gurudumu la nguzo, vile vipande vinavyowasha na kuzima kronografu, hutiwa grisi. Tone liwe dogo kuliko unavyodhani. Mafuta yakizidi hutambaa mpaka kwenye unywele wa balansi, ile springi nyembamba iliyojizungusha, mizunguko yake ikagandana, na saa ikakimbia mbele dakika nyingi kwa siku. Kabla ya hayo yote ilegeze kamani. Ukifungua daraja, kile kibati kinachoshika magurudumu, na kamani imejaa, nguvu yote itaachia mara moja na meno yatavunjika.

Sisi wa Lamu tuna adui mwingine, nao ni chumvi. Iko hewani, iko kwenye jasho la vidole. Usishike sehemu za chuma kwa mkono mtupu, kwani alama ya kidole hugeuka kutu. Wakati wa kusi usifanye kazi dirisha wazi, na sehemu ulizozifungua zifunike, hata ukienda kuswali tu. Saa ikiletwa imeingia maji ya bahari, usimwambie mwenyewe arudi kesho. Fungua siku hiyo hiyo, suuza kwa maji matamu, kisha benzini. Kwa spiriti usiloweshe uma wa palati, ule unaoisukuma balansi, wala balansi yenyewe, maana vito vyake vimeshikwa kwa lakiri na spiriti huiyeyusha. Na wavuvi waambie kila mara: vitufe vya kronografu havibonyezwi chini ya maji. Maji hupitia pale.

Huna kipimo cha sumaku? Manahodha wana dira. Weka saa inayokwenda juu ya dira ndogo; sindano ikitetemeka kwa mapigo ya balansi, saa imeshika sumaku. Simu na spika zimetuletea saa nyingi zinazokimbia kwa sababu hiyo tu, nami huangalia hilo kabla ya kufungua kasha.

Ukimaliza kuvika akrabu ya sekunde, washa, zima, rudisha sifuri, mara kumi, kila mara ukizima mahali tofauti: sekunde ya 5, ya 20, ya 40. Nyundo inayorudisha akrabu sifuri hupiga kwa nguvu, na akrabu iliyovikwa kwa woga huteleza taratibu. Baada ya hapo iache kronografu iende nusu saa kamili, ukiwa umekaa, ukitazama akrabu ndogo ya dakika ikiruka kila sekunde zinapopita 60. Ikiruka mara 30 bila kukosa, fungia kasha.