Sisimizi wekundu wa kwenye nyasi za Dubai: jinsi ya kuwatambua na kuwafuga

Mkuu, umeuliza kama sisimizi wekundu uliowakuta kwenye nyasi huko Dubai ni majimoto, na utawafugaje. Hao siyo majimoto wa kwenye miembe ya kwetu. Majimoto hawana mwiba: wanang'ata, wanatia asidi kwenye jeraha, na viota vyao ni majani yaliyoshonwa juu mtini. Hao wa kwako wametoka kwenye bustani ya kumwagilia, na umesema walikuchoma ukatoka malengelenge. Mimi nawadhania Solenopsis geminata, sisimizi wa moto wenye asili ya Amerika walioenea kwa meli.

Lakini usiamue kwa rangi. Rangi ilinifanya nilee Pheidole, jamii nyingine ya sisimizi, miezi miwili nikijisifu nina wa moto. Tafuta lenzi, uhesabu vipingili vya kipapasio. Wa moto ana 10, viwili vya mwisho vimenenepa kama rungu. Pheidole kwa kawaida ana 12, rungu lake vipingili vitatu, na mgongoni ana vijimiiba viwili ambavyo wa moto hana. Halafu tazama ukubwa: kwa geminata utaona wadogo, wa kati na wakubwa, na wale wakubwa wana kichwa cha mraba chenye mfereji katikati, meno yamelika kwa kusaga mbegu. Kundi changa halina hao, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Malkia wangu nilimwokota chini ya taa ya maegesho, mbawa keshazing'oa. Nilimweka kwenye mrija wa kioo, maji nyuma ya pamba, nikaufunika kitambaa cheusi. Usimlishe, watoto wa kwanza anawalea kwa akiba ya mwili wake. Siku ya 26 nikaona vibarua (sisimizi wafanyakazi) sita, vidogo kama chembe za mchanga. Hapo ndipo nilipoanza kuwapa tone la maji ya sukari, mguu wa panzi, na baadaye ulezi, ambao waliupenda kuliko nyama.

Shida ni kutoroka. Pamba wanaitafuna. Ukingo wa boksi niliupaka poda ya watoto iliyokorogwa na spiriti, ikafanya kazi vizuri mpaka Agosti nilipozima AC nikasafiri siku mbili. Unyevu ukailainisha poda, nikarudi nikawakuta kitandani. Sikulala humo wiki nzima. Kama una mzio wa nyuki, acha kabisa.

Na usithubutu kuwapeleka nyumbani. Kuwasafirisha sisimizi si mzaha: Kenya mwaka 2025 watu wanne walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa sababu ya malkia wa Messor, sisimizi wavuna mbegu, tena hao ni wenyeji wa kule. Siku ukihama, kundi lote liingie friza, lifie humo.