Ukitaka mbunge akusikie kuhusu Darfur, usianze na machozi

Juzi kijana wa Masasi kaniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Nataka kumwandikia mbunge kuhusu mauaji ya Darfur, nianzeje?" Nimecheka, maana mimi nilianza vibaya mno.

Ilikuwa 2023, Wamasalit, kabila la huko Darfur, magharibi mwa Sudan, wanauawa mjini El Geneina wakikimbilia Chad. Nilikesha na simu, nikaandika kurasa nne za uchungu, nikapanda bodaboda hadi ofisi ya mbunge. Wiki ya tatu narudi kuulizia, naikuta barua yangu imewekewa chupa ya chai. Alama ya duara la kahawia imekaa juu ya neno "kimbari".

Nikanyamaza. Kwenye mkutano wa hadhara nikaomba kipaza sauti. Jibu la mbunge: "Mwalimu, Sudan mbali, hapa watu wanasubiri salfa ya mikorosho." Uwanja mzima ukacheka, wanafunzi wangu wamo. Hadi leo nikipita pale natazama chini.

Mbali! Babu yangu aliwauzia mihogo wapiganaji wa FRELIMO pale Nachingwea, wala hakuuliza Msumbiji inamhusu nini.

Ila kosa lilikuwa langu pia. Mbunge usimwombe huruma, mpe kazi. Mji wa El Fasher, hukohuko Darfur, ulipotekwa Oktoba 2025 na RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, nikasubiri Bunge jipya lianze, nikaandika nusu ukurasa. Kwamba Tanzania ilijiunga mwaka 1984 na Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari, na kuzuia kumetangulia hata kwenye jina. Kwamba tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 wa kulinda amani waliuawa hukohuko Darfur. Mwisho ombi moja tu: aiulize serikali bungeni imefanya nini kuhusu Darfur katika Umoja wa Afrika.

Kwa hiyo mdogo wangu, fupisha. Ombi liwe moja. Na nyie mnaosambaza picha za maiti kwenye makundi ya WhatsApp halafu mnalala, hizo bando zingetosha kumpigia katibu wa mbunge kila wiki. Fupisheni, pigeni, rudini tena.

Jumanne katibu wa mbunge wangu kanipigia. "Mwalimu, hii tarehe ya askari wetu una uhakika nayo? Mheshimiwa anataka kuitaja." Nikamwambia ninao. Akaomba nakala nyingine ya barua. Nimempelekea mbili, moja ya chupa.